Kuchoma kauri kwa maikrowevu: modeli nne za hesabu na ipi ikufae

Anayeanza utafiti wa kuchoma kauri kwa maikrowevu huja na swali moja: nitumie programu gani? Mimi humwuliza mawili kwanza: kipande chako kina unene gani, na upotevu wake kikiwa moto, yaani kiasi cha mawimbi kinachogeuka joto ndani yake, unaujua? La kwanza hujibiwa papo hapo. La pili hufuatwa na kimya. Uchaguzi wa modeli unaanzia kwenye kimya hicho. Modeli nne zinazotumika katika kazi hii hazikupangwa kama ngazi, eti mwenye kompyuta kubwa apande hadi ya juu. Kila moja ina swali inaloliweza, na ile ya juu kabisa ndiyo hudanganya vizuri kuliko zote, kwa kuwa uongo wake huja na picha za rangi.

Nitashika vipande viwili mwanzo hadi mwisho: bamba la alumina na bamba la zirkonia, kila moja unene wa sentimita 1, ndani ya kasha la chuma lenye magnetroni (kifaa cha kuzalisha mawimbi) ya gigahezi 2.45, masafa yale yale ya maikrowevu ya jikoni. Hewani wimbi lake lina urefu wa sentimita 12.2.

Kauri ina namba mbili mbele ya mawimbi haya. Ya kwanza, ε′, inaeleza jinsi inavyoupunguza uga wa umeme na kufupisha wimbi. Ya pili, ε″, ndiyo sehemu ya upotevu, yaani kiasi cha umeme kinachogeuka joto. Joto linalozaliwa ndani ya kila mita ya ujazo ni 2π × masafa × ε₀ × ε″ × E², ε₀ ikiwa namba ya ombwe isiyobadilika na E ikiwa uga wa umeme kwa volti kwa mita. Kwa gigahezi 2.45 hesabu hiyo inabaki 0.136 × ε″ × E², jibu likiwa wati. Hapa modeli zote nne zinakubaliana. Ugomvi wao ni juu ya E: uga huo wa ndani ya kauri unaupataje?

Kabla ya kuingia kwenye ugomvi, tazama ukubwa wa namba zenyewe. Alumina safi ikiwa baridi ina ε′ ya karibu 9 na upotevu mdogo mno. Tuchukue ε″ iwe 0.005. Ukiweza kuweka uga wa volti 100 kwa kila sentimita ndani yake, itapanda nyuzi 1.2 tu kwa dakika. Ni mwendo wa kobe. Lakini ε″ hupanda kadiri kauri inavyopata moto, na ikifika 0.3, uga ule ule utaisukuma nyuzi 70 kwa dakika. Mara 60, bila mtu kugusa kitufe. Zirkonia ina tabia hiyo kwa ukali zaidi: ikishapita nyuzi 400 au 500 hivi hunyonya mawimbi kwa pupa. Silikoni kabaidi hunyonya tangu ikiwa baridi, ndiyo maana hutumika kama kiwashio cha kuzipasha moto nyingine.

| Modeli | E inatoka wapi | Gharama | Pengo lake kubwa |
|---|---|---|---|
| Nukta moja | unaikadiria mwenyewe | kalamu na karatasi | ndani na nje ni halijoto moja |
| Lambert | inafifia kutoka usoni kwenda ndani | sekunde | haijui mawimbi yanayorudi |
| Maxwell kwa bamba | milinganyo kamili, mwelekeo mmoja | sekunde hadi dakika | kasha halimo |
| Maxwell kwa pande tatu | milinganyo kamili, kasha zima | saa hadi siku | inadai data usiyokuwa nayo |

Nukta moja

Hii inakichukulia kipande chote kuwa na halijoto moja. Joto linaloingia, toa joto linalotoka, sawa na kasi ya kupanda. Watu huidharau kwa kuwa inatoshea kwenye mstari mmoja. Mimi huanzia hapa kila mara, kwa sababu ndiyo inayotoa jibu la haraka kwa swali la hatari kuliko yote: je, joto litakurupuka, yaani litapanda lenyewe bila kuzuilika?

Mantiki yake ni hii. Kupoa kunaongezeka taratibu kadiri kipande kinavyopata moto, ilhali upotevu unaongezeka kwa kujizidisha. Kuna mahali mistari hiyo miwili inagusana, na ukipita hapo hakuna halijoto ya kutulia tena. Ukichukulia kupoa kwa mstari ulionyooka, ukingo huo unapatikana kwa kugawanya tu: chukua idadi ya nyuzi zinazoufanya upotevu uwe maradufu, igawe kwa 0.69. Ikiwa upotevu wa kauri yako unakuwa maradufu kila nyuzi 170, ukingo uko nyuzi 245 hivi juu ya halijoto ya mazingira. Mionzi ya joto, inayokua kwa nguvu ya nne ya halijoto, huusogeza mbele, tena si kidogo. Ni hesabu ile ile aliyoitumia Mrusi Nikolay Semenov mwaka 1928 kueleza jinsi gesi inavyolipuka kwa joto lake yenyewe, na ukiifikiria, jambo ni lile lile.

Sasa udhaifu wake. Kwa uga usiobadilika, modeli hii inakuonyesha mahali pa kukurupuka lakini haikuonyeshi pa kuishia. Kwenye karatasi halijoto inakwenda mbinguni. Kwenye tanuri haifiki huko, na sababu tutaiona kwenye modeli ya tatu.

Kosa la pili ni la mtumiaji, na nimeliona mara nyingi kuliko mengine: kuweka uga wa kashani mahali pa uga wa kwenye kauri. Kipande kikiwa kidogo kuliko urefu wa wimbi, umbo na mkao wake ndivyo vinavyoamua. Bamba jembamba lililolala sambamba na uga hupata uga wote. Lisimamishe uga ulipige usoni, linapata uga uliogawanywa kwa ε′. Kwa alumina ya ε′ 9, joto linatofautiana mara 81 kati ya mikao hiyo miwili. Kipande kile kile, kasha lile lile. Tufe liko katikati: uga wa ndani ni 3 ÷ (ε′ + 2) ya ule wa nje, yaani 3 kwa 11. Ukikosea hapa, hata modeli ya kisasa kiasi gani haitakuokoa, ila ile ya pande tatu, ambayo angalau inalihesabu jambo hili yenyewe.

Je, kudhani halijoto moja ni halali? Ipo namba ya Biot: kasi ya kupoa usoni, mara nusu ya unene, gawanya kwa upitishaji joto. Ikiwa chini ya 0.1, tulia. Alumina baridi hupitisha joto vizuri, karibu wati 30 kwa mita kwa nyuzi, na Biot yake haifiki hata 0.002. Zirkonia ya nyuzi 1200 iliyoachwa wazi ni habari nyingine. Upitishaji wake ni 2 hivi, mionzi inaipooza kwa nguvu, na Biot inapanda hadi karibu 1.5. Yaani modeli iliyo sahihi asubuhi tanuri likiwa baridi inakuwa batili adhuhuri.

Dawa yake ni kihami, yaani kifuniko kinachozuia joto lisitoke. Bamba la zirkonia lililo wazi kwa nyuzi 1200 linapoteza joto kiasi kwamba, ili litulie hapo, unahitaji wati 43 kwa kila sentimita ya ujazo, na katikati yake patakuwa na moto kuliko usoni kwa nyuzi kama 270. Hilo litapasuka. Lifunge kwenye kihami kizuri ili wati 5 zitoshe, na tofauti inashuka hadi nyuzi 30 tu. Kihami kinaokoa kauri, na papo hapo kinaiokoa modeli ya nukta moja. Wengi hawalioni hilo la pili.

Sheria ya Lambert

Nitaimaliza haraka. Inasema nguvu ya mawimbi inafifia kwa kujigawa kadiri inavyozama ndani ya kitu, na kina cha upenyaji ndicho kipimo: mahali ambapo imebaki asilimia 37. Unaingiza joto hilo kwenye mlinganyo wa mtawanyiko wa joto, basi. Ni rahisi kuprogramu, na imejaa kwenye makala za kupasha chakula.

Kwa kauri, chukua tahadhari. Alumina yetu baridi ina kina cha upenyaji cha karibu mita 12. Mwaka 1991 Ayappa na wenzake walilinganisha Lambert na Maxwell kwa bamba linalopigwa na mawimbi pande zote mbili, wakapata kanuni nzuri: Lambert ni halali bamba likizidi unene wa mara 2.7 ya kina cha upenyaji, ukiondoa sentimita 0.08. Kwa alumina baridi huo ni unene wa mita 31. Hicho si kigae, ni ghorofa.

Zirkonia ikiwa moto sana, tuseme ε′ 30 na ε″ 15, kina chake kinashuka hadi milimita 7 na kanuni inadai unene wa sentimita 1.9. Bamba letu la sentimita 1 bado halifiki. Kwa hiyo Lambert niiache kwa vitalu vinene vya kauri inayonyonya sana, na hata hapo baada ya kupata moto tu. Anayeitumia kwa kipande chembamba hupata ramani ya joto yenye uso moto na kitovu baridi, wakati kitu chenyewe kinafanya kinyume.

Maxwell kwa bamba, mwelekeo mmoja

Hapa unatatua milinganyo ya Maxwell, ile inayoeleza mwendo wa umeme na usumaku, kwa wimbi linaloingia bamba, linalogonga upande wa pili, linalorudi na kukutana na mwenzake. Ndani ya zirkonia ya ε′ 30 wimbi linafupika hadi sentimita 2.2. Nusu yake ni 1.1. Bamba letu la sentimita 1 liko karibu kabisa na nusu wimbi, na kabla upotevu haujawa mkubwa hapo ndipo mwangwi unapotokea: mawimbi yanayorudi yanaungana na yanayoingia na unyonyaji unapanda ghafla. Tena ε′ yenyewe inaongezeka na halijoto, hivyo bamba linaweza kuingia kwenye mwangwi na kutoka likiwa linapashwa. Lambert haina habari na lolote katika hayo. Nukta moja nayo haina.

Lakini thamani kubwa ya modeli hii ni ile iliyochapishwa na mwanahisabati Gregory Kriegsmann huko Marekani mwaka 1992. Aliunganisha wimbi la ndani ya bamba na joto, akachora halijoto ya kutulia dhidi ya nguvu inayoingizwa. Mchoro wake unafanana na herufi S. Tawi la chini ni kauri vuguvugu iliyotulia. Tawi la kati halisimami, kama yai juu ya ncha. Tawi la juu ni kauri yenye moto mkali, nayo imetulia pia. Ndilo jibu tulilolikosa kwenye nukta moja: upotevu ukishakuwa mkubwa mno, uga unashindwa kupenya, joto linalozaliwa linapata kikomo, na mbio zinasimama.

Hili lina faida ya vitendo. Ukipandisha nguvu taratibu, kauri inatambaa kwenye tawi la chini hadi kwenye kona, kisha inaruka. Ukishusha nguvu hapo, hairudi kwa njia iliyoendea. Inabaki juu hadi ushushe sana. Fundi anayelijua hili anaivusha kona kisha anapunguza nguvu mapema. Asiyelijua anaona nyuzi zinapanda, anazima kila kitu, anaanza upya, na kipande kinapata misukosuko miwili badala ya mmoja.

Gharama yake ni ndogo: kompyuta mpakato yoyote itaitatua ukiwa unachemsha chai. Pengo lake ni kwamba wimbi linatoka patupu na kwenda patupu. Hakuna kasha, hakuna kuta zinazorudisha mawimbi, hakuna kona ya bamba.

Pande tatu, kasha zima

Sasa tumefika kwa kipenzi cha wengi. Unachora kasha, mlango wa mawimbi, kihami, kauri, na kompyuta inatafuta uga kila mahali. Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Kane Yee ya mwaka 1966, inayogawa nafasi kwa visanduku na kusogeza muda hatua kwa hatua. Ya pili ni ya vipande vidogo vya umbo lolote, inayotatua masafa mamoja kwa mkupuo. Ya Yee ni rahisi kuielewa na haihitaji matriksi. Ya vipande inafuata vizuri maumbo ya mviringo na matabaka membamba, ila matriksi yake ni kaidi na inameza kumbukumbu. Zipo programu huria kwa zote mbili: Meep, iliyoanzia MIT, ni ya njia ya Yee, Elmer, ya kituo cha CSC cha Finland, ni ya vipande, na hesabu ya joto imo humo humo.

Piga hesabu kabla ya kujitosa. Kasha la sentimita 40 kila upande, visanduku vya milimita 2: ni visanduku milioni 8. Kumbukumbu ya kuhifadhi uga peke yake ni megabaiti 384, hapo hakuna tatizo. Ugawe kwa milimita 1 na inakuwa zaidi ya gigabaiti 3. Tatizo ni muda. Kwa visanduku vya milimita 2, hatua moja haiwezi kuzidi pikosekunde 3.85, wakati kauri inachukua dakika nyingi kuiva. Kwa hiyo hakuna anayeyaendesha pamoja moja kwa moja. Unatafuta uga hadi utulie, unauganda, unapasha joto kwa sekunde kadhaa, unabadilisha ε′ na ε″ kulingana na halijoto mpya, unarudi kwenye uga. Swali la kila mara urudi lini ndilo linalowatenganisha waliozoea na wageni, na jibu langu ni: rudi mapema unapokaribia ile kona ya S, na usiwe na haraka kwingineko.

Kuna maswali ambayo modeli hii pekee inayajibu. Madoa ya moto yatatokea wapi? Kidhibiti kinachosoma pirometa, yaani kipimajoto kinachotazama kwa mbali, kinaweza kuizuia halijoto ya wastani isikurupuke, lakini doa moja pembeni linaweza kukurupuka peke yake pirometa ikiwa inatazama pengine. Fimbo za silikoni kabaidi zilizopangwa kuzunguka kauri kama ua wa miti, mpango uliotokana na kazi za maabara ya Oak Ridge mwanzoni mwa miaka ya 1990, zinapitisha uga kiasi gani na zinaukinga kiasi gani? Hakuna mstari mmoja wa hesabu utakaokuambia. Inategemea zimesimama vipi kuhusu uga, kama yale mabamba ya mara 81.

Upande wa pili wa shilingi: kasha lina mwangwi mwingi, na kusogeza kipande milimita chache kunaweza kubadilisha picha nzima. Magnetroni nayo haitoi masafa mamoja safi. Ukiendesha modeli mara moja kwa gigahezi 2.450 kamili, umepata jibu la tanuri lisilokuwepo. Endesha kwa masafa kadhaa ya jirani na mikao kadhaa, utazame kinachobaki kilekile katika zote. Hicho ndicho cha kuamini.

Sasa uchague

Niliwahi kutumia karibu mwezi mzima kwenye modeli ya pande tatu yenye vipande vidogo kweli kweli. Mpaka wa kila kitu ulichorwa kwa upendo. ε″ niliitoa kwenye jedwali la alumina safi na kuiacha namba moja, bila kubadilika na halijoto. Kipande halisi kilifika nyuzi ambazo modeli yangu ilisema haitazifikia hata kesho kutwa. Jioni moja nilirudia kwa nukta moja, ε″ ikiwa inapanda na halijoto, nikakaribia ukweli kwa karatasi moja.

Kwa hiyo jaribu hili kabla ya kuchagua: endesha modeli yako nyepesi kwa ε″ uliyonayo, kisha iongeze na uipunguze kwa theluthi. Jibu likigeuka kutoka kutulia hadi kukurupuka, fedha zako zipeleke kwenye kupima ε″ hadi halijoto ya juu, zisiende kwenye leseni ya programu. Hili linawahusu zaidi wanaofanya kazi na udongo wa kwetu. Kaolini (udongo mweupe wa kauri) ya Pugu, Tanzania, ikichomwa haizai alumina safi ya kwenye majedwali. Ina silika na uchafu wake, na kipande kibichi kina vitundu vya hewa vinavyoshusha ε′ mpaka kishikamane. Kwa vitundu zipo kanuni za mchanganyiko, ile ya Bruggeman ya 1935 ikiwa ndiyo ninayoanzia. Kwa uchafu hakuna kanuni, ni kupima.

Na ukipima halijoto ya kulinganisha na modeli, angalia waya. Kipimajoto cha chuma kilichochomekwa ovyo kinavuta uga kwenye ncha yake, nawe unasoma joto ulilolitengeneza mwenyewe.

Bamba letu la alumina, basi: usianze nalo likiwa peke yake. Litie kiwashio cha silikoni kabaidi na utumie nukta mbili, moja ya kauri na moja ya kiwashio, zinazopashana joto. Zinatosha kupanga ratiba yote ya kuchoma hadi uwe na sababu ya kushuku doa. La zirkonia lisomee kwa Maxwell ya mwelekeo mmoja, kwa sababu ya ile nusu wimbi ya sentimita 1.1 na kwa sababu kona ya S ni lazima uijue kabla hujawasha. Nunua kihami kizuri. Pande tatu ziache hadi siku utakapotoa kipande kilichopasuka mahali pale pale mara tatu mfululizo. Hapo utakuwa na swali ambalo modeli hiyo inaliweza, na utajua pa kutazama kwenye zile picha za rangi.